Punguzo la feri Ulaya ni dogo, ila kuna cha kuiga Mbeya

Ndugu zangu wa Uyole wakisikia kwamba huku Ulaya pasi ya treni inakupunguzia nauli ya meli, wanadhani tunavuka bahari karibu na bure. Hapana jamani. Mimi naishi Dublin, na kwa mkazi wa Ayalandi hili ni jambo la mfukoni kabisa: hiki ni kisiwa, hakuna reli ya kukutoa nje. Ukitaka kuitumia pasi ya Interrail, ile ya kupandia treni za nchi nyingi za Ulaya, huko Ulaya bara bila kupanda ndege, lazima uvuke maji kwanza.

Unanunua siku za kusafiri, tuseme 4 au 7 ndani ya mwezi mmoja, na pasi inakaa kwenye simu. Kila siku unayopanda treni inakatwa. Kwa feri nyingi mambo ni tofauti: pasi haikupi safari, inakupa punguzo tu, na uzuri wake ni kwamba punguzo hilo halili siku yako ya treni, ilimradi pasi iwe bado hai. Kampuni za meli za Irish Ferries na Stena Line zimekuwa zikiitambua. Ila masharti yapo. Mara nyingi kinachopunguzwa ni nauli ya abiria wa miguu, si chumba cha kulala, na Dublin hadi Cherbourg, Ufaransa, ni kulala njiani, saa 18 hivi na zaidi. Ukilipia kitanda, ukala chakula cha melini (bei yake tuiache), ule unafuu unaanza kuutafuta kwa tochi. Na punguzo linaombwa wakati wa kukata tiketi, sio baadaye. Bandarini wanataka kuiona pasi kabla hujapanda, kwa hiyo simu iwe na chaji.

Mgeni wako akija kutoka nyumbani asinunue Interrail. Hiyo ni ya wakazi wa Ulaya, hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania. Anayeishi Mbeya anachukua Eurail, pasi kama hiyo ya wasioishi Ulaya.

Halafu kuna lile ambalo matangazo hayawaandikii watu wenye pasipoti kama yetu. Njia fupi ni Dublin hadi Holyhead, saa tatu na ushei, na ukishuka stesheni ya treni iko palepale kwenye jengo la bandari. Lakini Holyhead ni Uingereza, na Mtanzania anadaiwa viza ya Uingereza hata akiwa na kibali cha kuishi Ayalandi. Ukikwepa ukaenda moja kwa moja Cherbourg, unadaiwa viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, maana Ayalandi haimo kwenye kundi hilo. Ada ya viza inalimeza punguzo la feri na chenji hairudi. Mzungu wa kiti cha jirani halijui hilo.

Kwa hiyo asilimia za punguzo hazinibabaishi. Kinachonifikirisha ni kwamba kampuni ya treni na kampuni ya meli, kila moja na mwenyewe, zilikaa chini zikakubaliana. Kuna tiketi inaitwa SailRail: unakata moja, inakutoa stesheni ya London mpaka Dublin, treni na meli humo humo. Na wala si watu wa ajabu. Pale bandari ya Dublin hakuna treni, unatafuta basi au teksi kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tazama kwetu. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilikabidhiwa 1976, na inapita Mbeya. Chini kule Kyela kuna MV Mbeya II, meli ya kwenda Mbamba Bay kupitia Lupingu, Manda na Liuli, vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa. Tuna reli na tuna meli. Katikati mwachie abiria ahangaike. Mama ameshuka stesheni na robota lake la mitumba: bajaji mpaka Nane Nane, Kosta ya kupitia Tukuyu, kisha usafiri mwingine tena kutoka Kyela mjini hadi bandarini. Robota linalipiwa kila linapobadilisha chombo, na kila mara kondakta analipima kwa macho na kutaja bei yake. Kweli, kwetu unaweza kusema "kaka, mzigo wenyewe huu, nifanyie hata buku mbili," naye akacheka akakubali. Dublin hupati hiyo. Lakini ukifika bandarini ukaambiwa meli iliondoka jana, ucheshi wa kondakta haukusaidii.

Wala si jambo geni. Reli ya kati haikufika Iringa wala Mbeya, lakini waulize wazee, watakwambia habari za mabasi ya Relwe, yaani ya shirika la reli, yaliyofika. Na hadi miaka ya 1990 meli za maziwa yetu zilikuwa chini ya shirika la reli. Tuliyatenganisha wenyewe, na sikatai kwamba huenda kulikuwa na sababu za kibiashara, ila hakuna aliyebaki na kazi ya kumfikiria yule mama.

Sasa kuna mkataba wa kampuni ya Kichina kuikarabati TAZARA, na hapa ndipo pa kudai kabla injini mpya hazijafika. Tuanze na kidogo: ratiba ya meli ya Ziwa Nyasa ibandikwe ukutani stesheni ya Mbeya, na siku ya meli Kosta iisubiri treni nje, ikiwa na nauli inayojulikana ya mtu na ya mzigo. Wenye Kosta wakiambiwa treni inashusha watu saa ngapi watakuja wenyewe, hawahitaji semina. Asilimia za punguzo tutabishana baadaye.