Sabuni ya Kidato cha Pili: Nani Agharimie Mtaala Mpya Wakiso?

Jumamosi moja usiku binti wa jirani yangu hapa Kireka, wilayani Wakiso, pembezoni mwa Kampala, Uganda, alibisha hodi. "Mjomba, mama anaomba uniazime simu, nina projekti." Yuko kidato cha pili katika shule ya serikali iliyo kwenye mpango wa elimu bure. Kundi lao lilikuwa linatengeneza sabuni ya maji, na kila mtoto alitakiwa kuleta shilingi 8,000 za dawa, rangi na manukato. Mama yake anauza nyanya kwenye steji ya boda. Zilipatikana 3,000. Basi wenzake wakampa kazi ya kuokota chupa tupu na "kufanya utafiti". Alikaa sebuleni kwangu akinakili kwenye karatasi, akizima data kila alipomaliza ukurasa mmoja, asinimalizie bando.

Projekti hizi ni za mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, na kundi la kwanza lilifanya mtihani wake wa kidato cha nne mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za shuleni, ile 80 ndiyo mtihani wenyewe. Wanaoutetea wana hoja nzito, nami niko nao. Sisi tulisoma kwa kukariri. Nilikuwa naweza kuandika hatua zote za kutengeneza sabuni, na siku hiyo hiyo ukinipa ndoo na mwiko nikatoa uji mchungu. Watoto wa sasa wanasimama mbele ya darasa wanaeleza, wanabishana, wanauza walichotengeneza.

Lakini maabara ikikosa vifaa, kazi inahamia nyumbani, na nyumba hazilingani. Hapo ndipo pembezoni mwa Kampala panapotofautiana na kijijini. Kule, watoto wa darasa moja hukaribiana kwa hali. Huku, kundi moja lina mtoto wa nyumba yenye kompyuta na mtoto anayeazima simu kwa jirani, tena bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Wote wawili watatafutiwa alama kwa kipimo kimoja.

Wizara nayo ina utetezi wake: haiwezi kulipia kila kitu, na mzazi ana wajibu. Kisheria ni kweli, kwa kiasi. Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi chakula, mavazi na nauli. Ila sheria hiyo hiyo inakataza kutoza karo kwenye elimu bure, na michango inayoikubali ni ya hiari. Sasa dawa ya sabuni ni nini, karo au mchango? Mwalimu mkuu akiiita mchango, hajavunja kitu. Mtoto asiyeuleta hafukuzwi, anapewa chupa tupu aziokote. Ya chakula cha mchana ni hayo hayo: asiyelipia posho (ugali) na maharage hafukuzwi, anangoja chini ya mti kengele ya saa nane.

Wapo wanaosema ziongezwe shule kwanza, vifaa baadaye. Siwapuuzi. Wakiso ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 3.4 katika sensa ya 2024, haina mpinzani nchini. Lengo la serikali ni walau sekondari moja ya umma kwa kila kata, ambayo kwenye manispaa ni tarafa. Kipimo hicho kinahesabu mipaka, hakihesabu vichwa. Manispaa ya Kira, humu Wakiso, ina tarafa tatu, na hata mwaka 2014 ilikuwa na watu zaidi ya 300,000. Shule moja kwa watu laki moja, halafu tushangae darasa limefurika na mwalimu anasahihisha projekti kwa macho ya haraka.

Na mwalimu mwenyewe? Tangu 2022 mwenye digrii ya sayansi analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa sanaa aliachwa nyuma sana, akagoma, akarudi darasani. Kiswahili, ambacho ni lazima kidato cha kwanza na cha pili, kiko upande huo ulioachwa. Lakini projekti za Kiswahili hazisahihishwi kwa muda mfupi zaidi kwa sababu mshahara ni mdogo.

Kwa hiyo sioni sababu ya kurudi kwenye kukariri, kama wazazi wengine wanavyotaka. Ninachokitaka ni kidogo zaidi: projekti yenye alama ifanyike shuleni, saa za masomo, kwa vifaa vya shule, hata kama itabidi ziwe chache. Wenye nyumba za kompyuta hawatapoteza kitu.

Wiki mbili baadaye binti alirudi na chupa ya sabuni, shilingi 2,000. Wanauza, akasema, ili waliotoa fedha warudishiwe. Nikamuuliza yeye atapata ngapi.

"Mimi nilitoa tatu tu, mjomba."

Sabuni inatoa povu zuri.