Wavu wa Kibirizi

Skripti ya filamu ina adabu zake. Herufi ni Courier saizi 12, ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja ya picha, na neno la kukazwa kwenye mazungumzo hupigiwa mstari chini. Ni mambo ya enzi za taipureta, ambayo haikuwa na herufi za mlazo. Jina la meli nalo lina mstari wake. La wimbo unalifungia kwenye alama za kunukuu. Herufi kubwa waachie mhusika anayeingia mara ya kwanza na milio ya radi. Mzee wetu mwigizaji ukimwekea herufi kubwa mdomoni, Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika watamsikia.

Basi nikapiga mistari yangu kwa adabu zote, nikapeleka flashi steshenari moja pale Mwanga, Kigoma, watoe nakala za waigizaji.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1978, mvuvi anasingiziwa wizi. Tukaenda kupiga picha Kibirizi, simu juu ya stendi, watu wamejaa kama kawaida. Mzee akaanza: "Nilifika Kasanga nimepanda..." Kimya. Akachungulia karatasi. "...bodaboda."

"Kata! Mzee, 1978?"

"Sasa nimepanda nini, mwanangu? Hapa hamkuandika."

Kabla sijaangalia vizuri, dairekta akaamuru tuendelee na sehemu ya ugomvi. Mzee akajipiga kifua: "Wavu wako mimi niliyeuiba!"

Dairekta akataka arudie, kwa uchungu zaidi. Akarudia kwa uchungu. Kwenye umati akachomoka jamaa mmoja, suruali imekunjwa magotini, magamba ya migebuka bado mikononi, akamkaba mzee kola. Wavu wake ulikuwa umeibwa kweli, wiki hiyohiyo.

Mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Nikamwambia hii ni filamu, akadai skripti. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Wavu wako mimi niliyeuiba." Akanitazama. "Na mmemwandikia kabisa!"

Ikabidi nimpigie kijana wa steshenari, nikaweka spika wasikie wote.

"Kaka, nilikusaidia," akasema kwa furaha. "Ile mistari myekundu ya kompyuta chini ya Kiswahili nimeizoea, sikuigusa. Ila kuna maneno yalikuwa na mistari myeusi. Nikajua hayo ndiyo makosa makubwa, nikayafuta yote."

Ndiyo kusema "siyo" imekwenda. Na Liemba aliyopanda mzee je? Meli ile Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, kijana wa Mwanga akaizamisha tena kwa kitufe kimoja.

Mwenyekiti akatuachia, kwa sharti arudie mbele yake. Mzee akavuta pumzi: "Wavu wako SIYO mimi niliyeuiba!" Hapo herufi kubwa ni haki yake. Ila picha haikufaa. Maneno yote alikuwa anamwambia yule jamaa wa magamba, kamera kaipa kisogo.