Páez, Mendes na anguko la Wajesuiti Ethiopia

Wanaosimulia utume wa Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, nchini Ethiopia humsifu mmisionari Pedro Páez na kumtupia mwenzake aliyemfuata, Afonso Mendes, lawama zote za kuanguka kwa utume huo. Sina ugomvi na sifa hizo. Páez alitoka Goa mwaka 1589, akatekwa pwani ya Uarabuni, akakaa mateka Yemen miaka ipatayo saba, kisha mwaka 1603 akapenya bandari ya Massawa akijifanya mfanyabiashara Mwarmenia. Akajifunza Kigeez, lugha ya ibada ya Ethiopia, na Kiamhari, akatafsiri katekisimu, akajadiliana na wamonaki kuhusu asili mbili za Kristo, ya Mungu na ya mtu, fundisho la Kikatoliki ambalo Kanisa la Ethiopia halikulikubali, bila kuwaharakisha.

Mendes alifika 1625 akiwa Patriaki, yaani mkuu wa Kanisa aliyetumwa na Roma. Februari 1626 Mfalme Susenyos aliapa utii kwa Papa, na amri zikafuata mfululizo: waumini wabatizwe upya, makasisi wapewe daraja upya, makanisa yatabarukiwe upya, tohara na Sabato ya Jumamosi zikome. Ubatizo huo, nadhani, ndio uliouma kuliko yote, kwa sababu ulimwambia mkulima kwamba wazazi wake waliozikwa hawakuwa Wakristo kamili.

Hata hivyo, nyufa zilikuwapo kabla ya Mendes. Mfalme Za Dengel, aliyevutwa na Páez, alipiga marufuku Sabato, na mwaka 1604 akauawa vitani na waasi. Ni kweli Páez alimsihi asiharakishe. Lakini baada ya hapo Páez alirudi ikulu ileile, kwa mfalme mwingine, Susenyos. Mwaka 1617 uasi mwingine ulizuka, Abuna Simon, mkuu wa Kanisa la Ethiopia, akauawa, na Páez alikuwa hai na mwenye sauti ikulu. Tena, wafalme wote wawili waliiandikia Hispania wakiomba askari. Askari hawakuja, hivyo Susenyos akabaki na dini mpya bila bunduki alizozitarajia.

Mwaka 1632 Susenyos aliwashinda waasi wa Lasta, eneo la milimani, maelfu wakafa, wote raia wake na Wakristo. Juni mwaka huohuo alirudisha imani ya zamani na kumwachia mwanawe Fasilides kiti, na Fasilides akawafukuza Wajesuiti.

Mendes aliharakisha anguko, hilo halina ubishi. Páez, aliyefariki Mei 1622, pengine angelichelewesha kwa miaka kadhaa. Ila imani iliyoshuka kwa amri ya mfalme ingeweza kufutwa kwa amri ya mfalme, na utaratibu huo Mendes aliukuta umeshawekwa.