Usiisingizie kasi

Kila anayeshindwa Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka ili ujaze mstari mzima ufutike kabla rundo halijafika juu, hulalamikia kasi. "Vipande vilianza kushuka mbio, nikazidiwa." Na mimi nilisema hivyo miaka na miaka, mpaka siku niliyojirekodi nikicheza, nikautazama mchezo polepole. Niliona aibu. Nilishakufa kitambo kabla kasi haijapanda. Kasi ilikuja kunizika tu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Vipande viko vya aina saba, kila kimoja cha vyumba vinne, na huitwa kwa herufi vinazofanana nazo. Ilishuka Z, sikuwa na pa kuiweka, nikailaza mahali palipo tambarare. Chini ya mkia wake pakabaki shimo la chumba kimoja. Nikasema si kitu, nitalifukua baadaye. Kumbe kila unachorundika juu ya shimo kinaweza kukuzidishia mstari wa kufuta kabla hujalifikia. Muda si muda rundo likapita nusu ya ubao, nami bado "baadaye" yangu haijafika.

Ndiyo maana siuamini ule ushauri wa kila siku wa kuweka sakafu tambarare. Tambarare kabisa ni mtego, maana S na Z haziketi hapo bila kuacha shimo, namna yoyote utakavyozizungusha. Hizo mbili zinataka kingazi cha chumba kimoja, moja kinachopandia kulia na nyingine kinachopandia kushoto. O, ile ya mraba, nayo inataka safu mbili zilizo sawa. Kwa hiyo mimi huacha sakafu yangu na mikunjo midogo makusudi, na kabla ya kuachia kipande najiuliza: nikikiweka pale, ni kipi kati ya vile saba kitakachokosa makazi?

Mikunjo midogo lakini, si makorongo. Ufa wa upana wa safu moja wenye kina cha chumba kimoja unazibwa na T, J au L. Ukifika vyumba viwili, unabaki na J na L, au kijiti kirefu, kile cha vyumba vinne vilivyonyooka, kitakachochomoza juu kama mlingoti. Ukifika vitatu, humngoji mwingine ila kijiti. Kisima kimoja, yaani ufa mrefu ulioachwa makusudi pembeni ukingoje kijiti, ni mpango. Visima viwili ni kuomba dua.

Na huko kungoja kunategemea gemu unayocheza. Matoleo mengi ya kisasa huchanganya vipande vyote saba kama vilivyo kwenye mfuko, yakavimaliza ndipo yakachanganya upya, kwa hiyo kati ya kijiti na kijiti haviwezi kupita vipande zaidi ya 12. Hapo unaweza kuhesabu. Toleo la Nintendo la 1989 halina mfuko. Ukame wa vijiti unaweza kukukausha mpaka ukasahau vinafananaje.

Tamaa ya kungoja ninaielewa. Kwenye toleo hilo la 1989, leveli ya mwanzo kabisa, mstari mmoja ni pointi 40, minne kwa mpigo, ambayo ni kijiti tu kinachoweza kuifuta, ni 1200. Nani hataki? Ila mimi, rundo likipita katikati, nafuta hata mstari mmoja mmoja bila haya. Pointi 40 ni kichekesho, lakini zinashusha paa.

Jicho nalo lina kazi yake. Kipande kinachoshuka nishakiamulia tangu kilipokuwa kwenye kidirisha kinachoonyesha kipande kinachofuata. Kikitokea, mkono unatekeleza tu na jicho limeshahamia kidirishani tena. Zoezi hili liliniudhi wiki nzima, nikawa nacheza vibaya kuliko zamani.

Mtu ataniambia kuna kasi isiyovumilika. Leveli ya 29 ya toleo hilo la Nintendo miaka mingi ilihesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa safari. Desemba 2023 Willis Gibson, mvulana Mmarekani wa miaka 13, aliipita akaenda mpaka leveli ya 157, gemu yenyewe ikaganda. Ana vidole vyepesi, sikatai. Lakini itazame sakafu yake kabla hujavitazama vidole.

Mimi jana usiku nilifia leveli ya 17. Kisima kilikuwa safi, nimebakiza kijiti tu. Ikaja T, nikaona inaingia vizuri mdomoni mwa kisima, nikaiachia. Kidirishani alikuwa amekaa kijiti.