Anayekaimu Apewe Kazi, Asipewe Root

"Mpe tu nywila ya root, anakaimu wiki mbili." Hakuna hitilafu ya seva inayonikera kama maneno haya, na hapa Dodoma huyakosi kila afisa TEHAMA anapokwenda likizo. Root ndiyo akaunti kuu ya seva, yenye ruhusa zote. Wiki mbili zinaisha, mwenye nafasi anarudi, aliyekaimu anabaki na nywila kichwani. Baadaye anapata barua ya uhamisho kwenda Mpwapwa au Kondoa, na seva ya ofisi aliyoiacha bado inamfungukia.

Kinachouma ni kwamba utumishi wetu unalijua jambo hili tangu zamani. Cheo ni cha ofisi. Anayesaini kwa niaba ya mkuu huandika "Kny", kisha hutia sahihi yake mwenyewe. Haigi ya bosi. Watafiti wa Marekani David Ferraiolo na Richard Kuhn waliandika mfumo wa namna hiyo kwa kompyuta mwaka 1992: ruhusa zifungwe kwenye jukumu, watu waingizwe na kutolewa. Kwenye Solaris, mfumo endeshi wa seva, akaunti ya jukumu haiingiwi moja kwa moja. Unaingia kwanza kwa jina lako, ndipo unachukua jukumu. Kwa hiyo kumbukumbu ya seva inamtaja mtu. Wote mkiingia kama root, mkaguzi wa ndani atasoma "root" ukurasa baada ya ukurasa, na hatakuwa na wa kumuuliza.

Kwenye Linux, makundi na sudo (amri inayomruhusu mtu kuendesha amri fulani kwa mamlaka ya root) vinatosha. Chukua kazi ya nakala rudufu. Unda kundi kwa `groupadd nakala`, kisha mwingize mtu kwa `usermod -aG nakala jina`. Hiyo `a` usiisahau, maana bila yake mtu anaondolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada. Halafu `visudo -f /etc/sudoers.d/nakala`, na ndani yake mstari mmoja:

`%nakala ALL=(root) /usr/local/sbin/chukua-nakala ""`

Alama mbili za mwisho zinakataza kuongeza chochote baada ya amri. Tumia visudo, kwa sababu hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi, na kosa moja linaweza kuizuia sudo kwa kila mtu. Jina la faili lisiwe na nukta: `nakala.conf` litarukwa kimyakimya, nawe utahangaika mchana kutwa. Skripti yenyewe, yaani faili la amri `chukua-nakala`, iwe mali ya root, na wanakundi wasiweze kuiandika wala kuandika kwenye folda yake. Wakiweza, umewapa root kwa mlango wa nyuma.

Mlango huo uko kwingine pia. Ukimruhusu mtu `vim` au `less`, programu za kuhariri na kusoma faili, kwa sudo, ataandika `:!sh` ndani ya vim au `!sh` ndani ya less na kupata ganda la root, yaani mahali pa kuandika amri yoyote. Kundi la docker, programu ya kuendeshea kontena, nalo ni root kamili, ingawa watu huligawa bila hata kufikiri.

Kwa anayekaimu, sudo kuanzia toleo 1.8.20 ina tarehe ya ukomo:

`jina ALL=(root) NOTAFTER=20260731143000Z /usr/local/sbin/chukua-nakala ""`

Z ni saa za Greenwich, saa 3 nyuma yetu, kwa hiyo ruhusa hiyo inakufa tarehe 31 Julai saa 11:30 jioni. Hakuna anayehitaji kukumbuka kuifuta.

Ofisi yenye afisa TEHAMA mmoja itasema haya ni mzigo. Sawa, kidogo ni mzigo. Na nywila ya root lazima iwepo kwa siku sudo itakapogoma: ikae kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu, na ibadilishwe kila bahasha inapofunguliwa.

Lakini siku ya uhamisho sikubali mjadala. Ondoa mtu kwa `gpasswd -d jina nakala`, kisha funga vikao vyake vilivyo wazi, kwa kuwa kikao cha zamani hubaki na kundi la zamani. Fungua `/root/.ssh/authorized_keys` ufute ufunguo wake wa SSH, unaomwingiza bila nywila. Kubadilisha nywila hakuugusi. Mwisho endesha `sudo -l -U jina`, uchapishe majibu na kuyaambatisha kwenye hati ya makabidhiano. Kama bado kuna amri hata moja hapo, hati isisainiwe.