Huzuni ya Mwafrika mbele ya daktari

Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana kitabia na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kuichambua Mau Mau kama tatizo la saikolojia, wakati watu walikuwa wanadai ardhi yao.

Hiyo sonona angeiona wapi? Waliofikishwa Mathari wengi ni wale waliokwisha kuwashinda jamaa zao au kukamatwa na polisi. Mama aliyefiwa, asiyekula wala kulala, alibaki kwao akiuguzwa na ndugu.

Inaniuma kwamba dhana ile, kwamba sonona si ugonjwa wa mtu mweusi, haikuzikwa na ukoloni. Mwaka 1988 madaktari wa akili 290 nchini Marekani walipewa maelezo ya wagonjwa yenye dalili zilezile, kilichobadilishwa ni rangi na jinsia tu. Mgonjwa alipotajwa kuwa mweusi, walimwona mkali, mwenye shuku, wa hatari, na wakaelekea zaidi kumwandikia skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipitia majalada ya wagonjwa 1,657, wakakuta kwamba Wamarekani weusi walioandikiwa skizofrenia walielekea zaidi kuwa na dalili za sonona kali kuliko weupe wenye jina hilohilo la ugonjwa.

Chukua kijana mweusi anayesema, "Wananifuatafuata." Huenda kila akiingia dukani mlinzi yuko nyuma yake kweli. Sauti ikipanda kidogo, inaandikwa kuwa ni ukali. Anatoka na dawa nzito za skizofrenia, zinazoweza kumnenepesha na kumtetemesha mikono, na sonona yake haijaguswa.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko ughaibuni, mkimsindikiza mtu wenu hospitali, semeni alivyokuwa kabla hajaugua, analalaje, nani amemfia, kazini kumetokea nini. Muulizeni daktari waziwazi kama amempima sonona. Akisema hapana, ombeni ampime kabla hajaandika jina lolote kwenye jalada.