Tarakimu 20 za Aibu

Kwa kuwa jirani wa nambari saba ameshaizungusha hadithi yangu ploti nzima, na kwake imefika mahali nimembusu mama mkwe, acheni niseme mwenyewe. Sikumbusu.

Mnanijua, mimi na mke wangu Mama Nekesa ni watu wa mila. Posa nilipeleka, ng'ombe wa mahari wamebaki wawili tu, na kwetu Bungoma mtu hapeani mkono na mama mkwe. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini. Sasa bedsita ya Umoja, Nairobi, chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, utakaa mbali wapi? Tukapanga mama aje Jumamosi kumwona mtoto, mimi nikalale kwa rafiki.

Alikuja Alhamisi.

Natoka kazini saa mbili usiku, tokeni za stima zimeisha, ndani giza. Namwona mtu wa leso ameinamia kitanda, anakunja nepi. Nikanyata. (Msiniulize kwa nini, ndoa bado changa.) Nikamziba macho kutoka nyuma: "Kasukari kangu, ni nani amekushika?"

Kimya. Akakauka kama nguzo.

Halafu nikasikia huko nje kwenye korido: tii. Tii. Tii. Mtu anabonyeza mita yetu. Tokeni ina tarakimu 20, na mimi nimeganda pale pale, nahesabu. Ya tano: nani huyu mwema anatuwekea stima? Ya tisa: mbona hii leso inanuka moshi wa kuni, na Umoja nzima watu wanapikia gesi? Ya kumi na tatu: mbona nimeshika miwani? Mama Nekesa hana miwani. (Ndiyo, ilinichukua tarakimu 13. Chekeni tu, na nyinyi mtapata wakwe.) Ya kumi na nane nikataka kuachilia, mikono ikakataa amri. Ya kumi na tisa nikasikia mtu akinong'ona "Yesu wangu", na sijui kama ni yeye au ni mimi.

Ya ishirini. Stima hiyo!

Mama Nekesa akaingia, mtoto mgongoni: "Ala, Baba Nekesa, kumbe mshasalimiana?"

Nilitoka bila viatu. Mama alipanda basi kesho yake asubuhi, mimi nalala kwa fundi wa pikipiki mpaka leo. Jana baba mkwe alipiga simu. Akakohoa, akanyamaza, akakohoa tena, akasema ng'ombe sasa ni watatu.